Nani Atutue Mzigo? Fikra juu ya Kumchagua Tabibu wa Nafsi

Katika maisha ya mwanadamu yapo mambo ambayo hawezi kuyafanya peke yake, hata akiwa na nguvu, akili na mali. Hawezi kujizaa, hawezi kujizika, na aghalabu hawezi kujifariji. Wahenga waliposema kwamba mganga hajigangi hawakuwa wakimcheka mganga. Walikuwa wakieleza kanuni inayotuhusu sote. Ndiyo maana swali la nani anastahili kuisikia siri ya moyo wa mtu ni swali kongwe. Ni swali la maadili kabla ya kuwa swali la tiba, kwa sababu anayetoa siri yake hujiweka mikononi mwa mwenzake, naye anayeipokea hupata mamlaka makubwa ambayo hakupewa na serikali wala mahakama.

Zamani swali hili lilikuwa na majibu yaliyokwisha kupangwa na jamii. Leo hii, katika miji yetu, jibu jingine limeongezeka. Wapo watu waliosomea elimu ya nafsi, wenye chumba chao, saa zao na ada yao, ambao humpokea mtu mmoja mmoja na kumtibu kwa mazungumzo. Si waganga wa dawa, wala si viongozi wa dini. Vyombo vyao vya kazi ni sikio na neno. Wengine huwaita washauri nasaha, wengine wanasaikolojia. Sisi katika insha hii tutawaita matabibu wa nafsi. Tunakusudia kuuliza mambo mawili. Kwanza, je, ni jambo la heshima kwa mtu mwenye ndugu na jamaa kumlipa mgeni ili amsikilize? Pili, ikiwa ni jambo la heshima, kwa kipimo gani amchague mgeni huyo, maadamu moyo wa mtu hauonekani kama linavyoonekana shati lake?

Tutayatazama maswali haya kutoka Morogoro, mji uliolala chini ya milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake virefu vinapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na ambako unaanzia mto Ruvu uwanyweshao watu wa Dar es Salaam. Aliyepata kukaa Morogoro amewaona akina mama wakiteremka kwa miguu kutoka vijiji vya mlimani, wamejitwika ndizi, mboga na matunda ya kuuza sokoni. Bila shaka ameona pia jambo ambalo lugha yetu imelihifadhi katika vitenzi vyake: mtu hutwikwa, na mtu hutuliwa. Mzigo ukiwa mzito huhitaji mikono ya mwingine kuupandisha kichwani, na mikono ya mwingine kuuteremsha. Anayekutua haubebi mzigo wako, wala haondoki nao kwenda kwake. Anaushika kwa muda mfupi ili wewe unyooshe shingo, utazame ulichobeba, uamue kipi cha kuendelea nacho na kipi cha kuacha. Hatujui mfano ulio karibu zaidi na kazi ya tabibu wa nafsi kuliko huo.

Kiswahili chenyewe kimeitambua haja hiyo tangu zamani. Mtu aliyeelemewa husema “nina mawazo”, naye msikiaji huelewa mara moja kwamba hayo si mawazo ya kupanga kazi ya kesho. Tunayo majonzi, simanzi, jitimai, dukuduku na kitwea, kila neno na uzito wake. Na katika miaka ya karibuni wataalamu wamelieneza neno sonona kwa ule ugonjwa wa huzuni inayodumu, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kufanya kazi. Watu wenye msamiati kama huo hawawezi kusemwa kwamba hawakuyajua maradhi ya moyo. Waliyajua sana, kilichobadilika ni mahali pa kuyapeleka.

Miongoni mwa Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mtu huzaliwa ndani ya lukolo, yaani ukoo wake, na ukoo huo ndio uliompa shamba, jina na ulinzi. Mwenye shida alimwendea mjomba. Binti aliyevunja ungo alikuwa na kungwi wake, mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa kumfunza yale ambayo mama mzazi aliona haya kumwambia. Shida ya watu wote, kama vile ukame, ilipelekwa Kolelo, mahali patakatifu katika milima hiyo, palipojulikana hata kwa Wazaramo waliosafiri kutoka mbali kwenda kuomba mvua. Hivyo kila mzigo ulikuwa na mtuaji wake: wa ukoo, wa unyago, na wa nchi nzima.

Mpango huo ulikuwa na hekima, lakini tusiupambe kupita kiasi. Mjomba alikuwa msikilizaji, na wakati huo huo alikuwa hakimu na msemaji mkuu katika mambo ya ardhi. Mpwa ambaye huzuni yake imetokana na shamba alilonyimwa angemweleza nani, ikiwa aliyemnyima ndiye huyo huyo wa kuambiwa? Mke aliyepigwa angesema nini mbele ya kikao ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa kuilinda ndoa? Mwamba ngoma huvutia kwake. Hatusemi kwamba wazee walikuwa wabaya. Tunasema tu kwamba mtu mwenye fungu katika shauri lako, hata awe mwema kiasi gani, hawezi kuyasikia maneno yako bila ya kulisikia fungu lake pia.

Wazee wenyewe waliliona pengo hilo, na dawa waliyoitunga ni miongoni mwa mambo mazuri ya utamaduni wetu: utani. Mtani si ndugu, wala si adui. Msibani huja akafanya kazi ambazo wafiwa hawaziwezi, akasema maneno ambayo ndugu akiyasema patazuka ugomvi, akamchekesha aliyekuwa akilia. Uhuru wake unatokana na nini? Unatokana na kuwa yeye si wa nyumba hiyo. Harithi shamba, hagombei cheo cha ukoo, wala hana kisasi cha kulipa. Yumo ndani ya msiba bila ya kuwa ndani ya ukoo. Kwa hiyo wale wasemao kwamba kumshirikisha mtu wa nje katika mambo ya ndani ni desturi ya kuazima, wamesahau kwamba sisi tulimpa mtu wa nje nafasi katika desturi zetu, tukampa jina, tukampa na kazi.

Lakini mji umewatawanya watani kama ulivyowatawanya wajomba. Katika miaka ya 1970 na 1980 Morogoro ilijengwa viwanda vya ngozi, viatu, maturubai na nguo, na watu wakaja kutoka kila pembe ya nchi. Baadaye vingi kati ya viwanda hivyo vilidhoofika, vingine vikafungwa au kuuzwa, na mtu aliyekuwa fundi mwenye sare akajikuta ameketi nyumbani saa nne asubuhi mbele ya watoto wake. Mji huo huo una Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984, pamoja na vyuo vingine, ambamo maelfu ya vijana huishi mbali na jamaa zao. Na tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka moto, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha.

Msiba ule ulikuwa wa taifa, na taifa liliomboleza. Lakini matanga huanuliwa. Baada ya arobaini wageni hurudi makwao, na hapo ndipo kinapoanza kilio cha mtu mmoja mmoja: mjane anayeshtuka usiku kwa harufu ya moto ambao haupo, au kijana aliyenusurika anayejiuliza kwa nini yeye na si mwenzake. Huzuni ya namna hiyo haina kikao. Jamii zetu zinajua sana kuomboleza kwa pamoja. Kilicho kigumu zaidi ni kukaa na mtu mmoja, wiki baada ya wiki, mpaka apate usingizi.

Wako wanaosema kwamba muziki na mashairi yanatosha kwa kazi hiyo. Morogoro ni mji wa muziki. Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, na Mbaraka Mwinshehe aliyefariki mwaka 1979, waliwafariji watu wa Afrika Mashariki nzima. Sisi tulio watunzi hatuwezi kuidharau faraja hiyo. Hata hivyo wimbo una kinywa, hauna masikio. Unaweza kukuambia kwamba hukuumia peke yako. Hauwezi kukuuliza umeumia vipi.

Hebu sasa tuyapime mapingamizi yanayotolewa dhidi ya tabibu wa nafsi. La kwanza ni la ugeni. Ni kweli kwamba tiba ya mazungumzo kama ifanywavyo leo ilipata umbo lake Ulaya, hasa mjini Vienna alikokuwa Sigmund Freud, mwishoni mwa karne ya 19. Lakini Afrika haikuipokea kama mtoto apokeavyo uji. Frantz Fanon, alipokuwa daktari wa hospitali ya Blida nchini Algeria kuanzia mwaka 1953, aliona kwamba mikutano na burudani zilizowafaa wagonjwa wanawake wa Kizungu hazikuwafaa wanaume Waislamu wa nchi hiyo, mpaka mambo yalipopangwa upya kwa mila zao wenyewe, pakafunguliwa mkahawa wa desturi yao na kuadhimishwa sikukuu zao. Kule Abeokuta, Nigeria, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, Dakta Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa katika vijiji vilivyo jirani na hospitali ya Aro, wakae na jamaa zao huku wakitibiwa. Hapa kwetu, katika miaka ya 1980, mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilichaguliwa kuwa ya majaribio ya mpango wa taifa wa afya ya akili, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na nchi ya Denmark, ili huduma hiyo isiishie katika hospitali kubwa kama Mirembe ya Dodoma, bali ifike katika zahanati za vijijini. Kwa hiyo jambo hili si geni kwa ardhi ya Morogoro. Swali la haki si chombo kimetoka wapi, bali kimeshikwa na nani, na kwa manufaa ya nani.

Pingamizi la pili ni la fedha, nalo ni zito zaidi. Taifa letu lililelewa katika imani kwamba afya si bidhaa. Mwaka 1977 ilitungwa sheria iliyozuia watu binafsi kuendesha tiba kwa kutafuta faida, na zuio hilo likaondolewa mwaka 1991. Mtu aliyekulia katika imani hiyo ana haki ya kuuliza: anayelipwa ili asikilize, je, anasikiliza kweli? Je, huruma inayoanza na kwisha kwa saa si huruma ya sokoni?

Tunajibu kwamba ada si jambo jipya. Hata wazee wetu hawakwenda kwa mganga mikono mitupu. Na tena hatuna budi kutofautisha kinachouzwa na kisichouzika. Mapenzi hayauzwi, na tabibu anayedai kukuuzia mapenzi ni mlaghai. Kinacholipiwa ni muda, elimu na nidhamu: yaani saa moja ambayo ndani yake mtu mmoja amejifunga kutozungumza habari zake, kutotaka kwako chochote zaidi ya ada mliyoipatana, na kutotoka nje na yale uliyomwambia. Rafiki hawezi kujifunga hivyo, wala hatakiwi. Rafiki ana haki ya kukukatiza akueleze ya kwake, ana haki ya kuchoka, na ana haki ya kutazamia nawe umsikilize kesho. Deni la rafiki halina risiti. Ada iliyotajwa wazi tangu mwanzo humwacha mgonjwa huru. Amelipa, wala hana fadhila ya kulipa inayomwinamisha kichwa wakikutana harusini.

Pingamizi la tatu ni la aibu. Tumefundishwa kwamba mambo ya nyumbani hayatoki nje, na kwamba mwanamume halii. Kusitiri kuna heshima yake, nasi hatuwaungi mkono wanaoanika kila jambo mbele ya kila mtu. Lakini wahenga wale wale waliotufunza kusitiri walisema pia kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kati ya kuanika na kuzika iko njia ya tatu, nayo ni kuweka amana: kumkabidhi mtu mmoja anayejua maana ya amana. Siri iliyokabidhiwa hivyo haijatoka nje. Imepata mlinzi wa pili.

Ikiwa hoja hizi zina uzito, basi swali la kwanza limejibiwa: mtu hakosi heshima kwa kumwendea tabibu wa nafsi. Sasa lipo swali la pili, la kipimo. Nyumba njema si mlango, na aliye katika huzuni ni rahisi kudanganyika, kwa kuwa mtu anayezama hashiki anachokichagua. Kwa sababu hiyo tunataja vipimo ambavyo mtu, au ndugu yake aliye timamu zaidi siku hiyo, anaweza kuvitumia.

Kipimo cha kwanza ni elimu iliyothibitishwa. Neno daktari lina mlinzi wake, yaani Baraza la Madaktari Tanganyika. Wauguzi wana baraza lao, na hata tiba asili ina baraza lake kwa sheria ya mwaka 2002. Neno mshauri ni jepesi zaidi kuandikwa juu ya mlango. Basi muulize tabibu alisomea wapi, kwa muda gani, chini ya usimamizi wa nani, na ana kibali gani cha kufanya kazi. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Seremala huulizwa mlango aliouchonga. Anayeshika nafsi ya mtu aulizwe zaidi. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Cha pili ni kuujua mpaka wa elimu hiyo. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aliyeacha kula na kulala kwa siku nyingi, au anayetamka kwamba anataka kujiua, anahitaji hospitali, na huenda akahitaji dawa pamoja na mazungumzo. Tabibu mwema humfikisha huko siku hiyo hiyo, wala haoni kwamba amenyang'anywa mteja. Tabibu anayedai kutibu kila kitu, kwa siku saba, bila ya kushirikiana na yeyote, huyo ana undugu na wale wanaobandika matangazo yao kwenye nguzo za umeme.

Kipimo cha tatu ni siri, pamoja na mpaka wa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka habari za afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini sheria iko mbali, na ulimi uko karibu. Muulize tabibu ataandika nini, daftari litakaa wapi, na nani atalisoma. Kisha muulize jambo ambalo wengi hawaliulizi: ni lini utaitoa siri yangu? Tabibu mkweli hatajibu “kamwe”. Atajibu kwamba atasema pale uhai wako au wa mwingine, hasa mtoto, utakapokuwa hatarini, na kwamba hata hapo atamwambia anayehusika tu, wala si zaidi. Anayeahidi kunyamaza hata mtu akifa hana maadili bora kuliko anayetangaza sokoni. Na ipo njia ya kumjua bila ya kumuuliza. Akikusimulia habari za mgonjwa mwingine, hata bila ya kumtaja jina, katika mji ambao watu wake hujuana kwa mitaa na kwa makabila, ujue kwamba na za kwako ziko njiani.

Cha nne ni kutokuwa na fungu. Kwa maneno ya desturi yetu, tabibu awe mtani, asiwe mjomba. Asiwe ndugu yako, wala mkuu wako wa kazi, wala mshirika wako wa biashara. Asitake kukuingiza katika dini yake, wala kukutoa katika yako. Akikuomba mkopo, akikuuzia bidhaa, au akikutamani mwilini, ondoka, wala usirudi kuomba maelezo. Mambo hayo si udhaifu mdogo wa kibinadamu wa kusamehewa kwa sababu ya elimu yake. Ni kuvunja amana yenyewe, na yafaa yapelekwe kwa wanaoisimamia kazi hiyo.

Kipimo cha tano ni lugha na mila. Huzuni ina lugha yake ya kwanza. Mama wa Mgeta aliyefiwa na mtoto anaweza kusema kwamba kifua kinamwaka au kichwa kinatembea wadudu, na wala asiseme hata mara moja kwamba ana huzuni. Asiyeijua lugha hiyo atamtibu kichwa na kifua. Mama huyo anaweza pia kuwataja wazee waliokufa, na kusema kwamba hawakutendewa haki. Tabibu asimcheke, wala asijifanye yeye ndiye anayezungumza na hao wazee. Amuulize wazee hao walikuwa nani kwake na ni haki gani haikutendeka, kwa kuwa mara nyingi jibu la swali hilo ndilo kiini cha maradhi.

Cha sita ni ule ukubalifu wa moyo. Carl Rogers wa Marekani (1902–1987) alifundisha kwamba tabibu anahitaji ukweli wa nafsi, heshima isiyo na masharti, na uwezo wa kuielewa hali ya mwenzake kutoka ndani. Uchunguzi mwingi uliofuata umeonyesha kwamba, ingawa njia za tiba hii ni nyingi, uhusiano baina ya tabibu na mgonjwa una sehemu kubwa katika kupona. Basi baada ya kukutana naye mara mbili tatu, mtu ajiulize: nimesikilizwa, au nimehutubiwa? Hata hivyo asikimbie kwa sababu ameumia. Jipu halikamuliwi bila ya uchungu. Atofautishe uchungu wa kuguswa kidonda na uchungu wa kutiwa kidonda kingine. Wa kwanza huvumiliwa. Wa pili hauna sababu ya kuvumiliwa.

Kipimo cha mwisho ni kwamba tabibu awe na nia ya kukuachia uende zako. Tangu mwanzo mkubaliane mnataka kufika wapi, na kila baada ya muda mtazame mmefika wapi. Mkunga hakai na mzazi maisha yake yote. Tabibu anayekufanya uamini kwamba huwezi kukata shauri lolote bila yeye amekutua mzigo mmoja akakutwika mwingine, na huo wa pili unalipiwa kila wiki.

Tungekuwa tumeandika nusu ya insha, hata hivyo, kama tungemsahau asiye na cha kulipa. Uhuru wa kuchagua ni wa yule mwenye wa kuwachagua. Mkulima wa Kinole hana mlango wa pili wa kubisha endapo wa kwanza haukumfaa. Pengine hana hata huo wa kwanza. Hapa historia yetu inatupa mafunzo. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipojulikana nchini mwaka 1983, tulijifunza polepole kwamba watu wa kawaida wanaweza kufunzwa kupokea habari nzito na kuitunza, na neno ushauri nasaha likafika hadi vijijini. Huko Zimbabwe, Dakta Dixon Chibanda alianzisha mjini Harare, mwaka 2006, mpango wa mabibi waliofunzwa, ambao huketi na wenye mawazo kwenye benchi katika viwanja vya zahanati. Na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi hao si ndugu wa wagonjwa. Ni watani wenye mafunzo. Kwa nini zahanati zetu za Matombo na Mkuyuni zisiwe na watu wa namna hiyo, ili aliye na fedha na asiye nazo wote wawe na wa kumchagua?

Wajibu haumwangukii tabibu na Serikali peke yao. Upo wajibu wa ndugu. Mmoja wetu anapokwenda kwa tabibu wa nafsi, ukoo usilichukulie jambo hilo kuwa mashtaka dhidi yake, wala usimngojee mlangoni kumuuliza, “Umemwambia nini?” Wapo waliorudi nyuma kwa sababu ya swali hilo tu, wakanyamaza, na kunyamaza kwao kukaishia pabaya. Upo pia wajibu wa mgonjwa. Asimpe tabibu kazi ya ukoo mzima. Tabibu hatamzikia mzazi wake, hatamposea mwanawe, wala hatakwenda kumlimia shamba akiugua. Anayepona kwa mazungumzo hupona ili arudi kwa watu, si ili awakimbie.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitaka tutafute yaliyo bora katika mila za makabila yetu tuyafanye kuwa mali ya taifa, bila ya kukataa kujifunza kutoka kwa wengine. Sisi tunaona kwamba katika jambo hili mila na elimu mpya hazigombani. Elimu mpya inatupa msikilizaji aliyefunzwa. Mila inatupa kipimo cha kumpima, kwamba asiwe na fungu, aijue amana, na akimaliza kazi yake atuachie twende. Anayekitumia kipimo hicho ana haki ya kubisha mlango wowote bila ya kuona haya, na ana haki ile ile ya kuondoka pale anapoona kwamba aliyemkuta ndani hastahili kuaminiwa.